Mifupa ya Tendaguru si Hila ya Shetani

Sisi tunaofundisha vipindi vya dini katika shule za sekondari za Mtwara tumechoka kunyamaza. Kwa miaka kadhaa sasa yamekuwa yakirudiwa mahubiri ya aina moja, katika viwanja vya mikutano ya hadhara, katika semina za vijana, na siku hizi zaidi katika simu za wanafunzi. Yanasema kwamba mifupa ya wale mijusi wakubwa iliyochimbwa Tendaguru, katika mkoa jirani wa Lindi, ni hila ya Shetani. Iliwekwa ardhini ili kuwapotosha watu wa nyakati za mwisho, au basi ni ya kutengenezwa na Wazungu. Na Mkristo wa kweli hana budi kuchagua: ama Kitabu cha Mwanzo, ama mijusi. Wanaohubiri hivyo si wote wa madhehebu mengine. Baadhi yao tunakaa nao benchi moja siku ya Jumapili.

Mahubiri hayo yana madhara, na madhara yake tunayaona darasani. Mtoto wa Kitanzania hukutana na habari za chimbuko la binadamu akiwa kidato cha kwanza, katika somo la Historia, na hukutana nazo tena baadaye katika Biolojia. Binti mmoja wa kidato cha nne, hodari kabisa, aliacha wazi swali zima la mtihani wa majaribio. Alipoulizwa sababu, alisema ameambiwa kwamba kuandika jibu lile ni kumkana Kristo. Kijana mwingine alifanya kinyume chake. Aliona picha ya mifupa, akaamini macho yake, akahitimu, akaenda chuo, na hajaonekana kanisani tangu hapo. Wote wawili walipewa uchaguzi uleule wa uongo. Mmoja alipoteza alama, mwingine alipoteza Ekaristi. Tunamuuliza mhubiri: ni nani aliyekutuma kuwawekea watoto mtego huu?

Tuanze na mambo yenyewe, maana wengi wanaoyapinga hawajawahi kuyasikia yakielezwa taratibu. Tendaguru ni kilima kilichopo kilomita kama 60 kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi. Mwaka 1906 mhandisi mmoja Mjerumani, Bernhard Wilhelm Sattler, aliyekuwa akitafuta madini, aliona pale mifupa mikubwa mno iliyojitokeza juu ya ardhi. Mwaka uliofuata alifika mtaalamu Eberhard Fraas kuikagua. Kuanzia 1909 hadi 1913 Makumbusho ya Berlin iliendesha uchimbaji mkubwa chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig, na mwishoni Hans Reck. Waingereza nao walikuja kuchimba palepale kati ya 1924 na 1931. Mnyama mashuhuri kuliko wote waliotoka pale, yule ambaye wengi wetu tulimfahamu kwa jina la Brachiosaurus na sasa wataalamu humwita Giraffatitan, alisimamishwa Berlin mwaka 1937. Urefu wake kwenda juu unapita mita 13. Sisi kwa Kiswahili tumezoea kumwita mjusi, na jina hilo limetuponza kidogo, kwa kuwa mtu akisikia mjusi hufikiria yule wa ukutani.

Umri wa mifupa hiyo unakadiriwa kuwa miaka milioni 150 hivi. Hapo ndipo mhubiri anapocheka, na umati hucheka naye. Lakini mtu wa Mtwara hana haki ya kucheka haraka namna hiyo, kwa sababu anaishi mahali ambapo jambo lenyewe linafanyika mbele ya macho yake.

Nenda kwenye mlango wa mto Ruvuma, upande wa Msimbati au kule Kilambo, maji yakiwa yamekupwa. Utaona matope mapana kati ya mikoko, laini kama unga uliokandwa. Kaa wamepita, korongo wamepita, mvuvi amepita akiburuta mtumbwi. Penginepo kiboko ametoka mtoni usiku na kuacha mashimo manne manne yaliyojaa maji. Nyingi za nyayo hizo hufutwa na maji yanapojaa. Lakini pale ambapo jua limewahi kukausha matope, na maji yakarudi polepole na kuleta tabaka jipya la mchanga badala ya kufagia, unyayo unabaki chini umefunikwa. Wekea juu yake tabaka jingine, na jingine, na mengine yasiyohesabika, mpaka uzito wake ugeuze matope kuwa jiwe. Siku mmomonyoko utakapolifunua jiwe hilo, unyayo utakuwepo.

Na Tendaguru ilikuwa mahali pa namna hiyo. Tabaka zenye mifupa ya wanyama wa nchi kavu zimepishana na tabaka zenye kombe na viumbe vya baharini: bahari ilikuja, ikaondoka, ikaja tena. Ulikuwa ufuko wa kupwa na kujaa, jamaa ya huu wetu. Wavuvi wa Msimbati wangeuelewa kuliko profesa wa Berlin. Tunawahubiria watu waliozaliwa juu ya matope kwamba matope hayawezi kutunza kumbukumbu. Wao wanajua kuwa hutunza, kwa kuwa kila asubuhi husoma humo ni nani aliyepita.

Kuna video inayozunguka katika simu za vijana ikionyesha nyayo za binadamu kando ya nyayo za dinosaria, ati ushahidi kwamba waliishi siku moja. Asili ya habari hiyo ni mto Paluxy, Texas, huko Marekani. Nyayo za dinosaria zilizoko pale ni za kweli na kuna hifadhi ya serikali ya kuzilinda. Zile za watu sivyo. Katika miaka ya 1930, wakati wa dhiki kubwa ya uchumi, baadhi ya wenyeji walichonga nyayo za majitu katika mawe na kuwauzia wageni. Nyingine zilikuwa nyayo halisi za dinosaria aliyetembea kwa kukanyagia kisigino, vidole vikajaa mchanga na kufifia. Zilipochunguzwa upya katika miaka ya 1980, hata Wakristo waliokuwa wametengeneza filamu ya kuzitangaza waliiondoa kwenye maonyesho. Wao walikuwa na uungwana huo. Sisi tunaendelea kusambaza, miaka arobaini baadaye, kitu ambacho wenye nacho walikwisha kukiacha. Amri ya nane haina msamaha maalumu kwa uongo unaosemwa kwa ajili ya Biblia.

Wapo pia wanaomtafuta dinosaria ndani ya Kitabu cha Ayubu, sura ya 40, katika yule mnyama mkubwa alaye majani na kujilaza katika matete. Tafsiri yetu ya zamani ya Kiswahili imemwita kiboko. Mtu wa Ruvuma akiisoma sura hiyo haoni shida yoyote. Huyo mnyama anamfahamu, amewahi kumlia mpunga.

Je, Biblia inasema dunia ina miaka elfu sita? Haisemi. Hesabu hiyo ilipigwa na Askofu Mkuu James Ussher wa Ireland, aliyeandika mwaka 1650 kwamba uumbaji ulifanyika mwaka 4004 kabla ya Kristo. Baadaye wachapaji wa Uingereza waliiweka pembeni mwa kurasa za Biblia zao, na watu wakaanza kuisoma kana kwamba ni Neno la Mungu. Ussher alikuwa msomi mkubwa na alifanya kazi yake kwa uaminifu kwa nyenzo za wakati wake. Lakini Kanisa halikumpokea katika Kanuni ya Imani. Tukisali Nasadiki tunakiri Muumba wa mbingu na dunia; tarehe hatuitaji. Mzaburi katika Zaburi ya 90 alikwisha kutuonya tusipime siku za Mungu kwa kalenda ya ukutani, na Mtume Petro akalirudia onyo hilo katika waraka wake wa pili.

Mtakatifu Augustino, Mwafrika mwenzetu, askofu wa Hippo, aliandika kitabu kizima juu ya sura za kwanza za Mwanzo, na humo alikemea jambo hili hili. Alisema kwa ukali kwamba ni aibu na hatari Mkristo kuongea upuuzi juu ya mbingu, nchi na wanyama huku akidai anafafanua Maandiko, maana asiyeamini akimsikia akikosea katika mambo anayoyajua vizuri, hatamwamini tena anapomwambia habari za ufufuko wa wafu. Hayo yaliandikwa karne ya tano. Yule kijana wetu aliyetoka kidato cha sita na kuliacha Kanisa, Augustino alikwisha kumwona.

Na nani aliyetufundisha kusoma tabaka za miamba? Mmojawapo wa wa kwanza alikuwa Niels Stensen wa Denmark, anayejulikana zaidi kwa jina la Steno. Mwaka 1666, huko Florence, alipasua kichwa cha papa, yaani yule wa baharini, akatambua kwamba vijiwe vya ajabu vilivyokuwa vikiokotwa milimani ni meno ya samaki huyo. Mwaka 1669 alitoa kitabu akieleza kwamba tabaka la chini hutangulia kuwekwa, na la juu hufuata. Bwana huyu hakuiacha imani. Aliingia Kanisa Katoliki, akawa padre, akawa askofu, akafa maskini mwaka 1686, na mwaka 1988 Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri. Anayesema elimu ya miamba ni ya Shetani amwombe kwanza radhi Mwenye Heri Steno.

Hoja nzito kuliko zote inayotolewa dhidi yetu ni hii: kama wanyama walikufa kabla ya Adamu, mbona Mtume Paulo anafundisha kwamba mauti iliingia kwa dhambi? Ni swali la haki, nasi hatulidharau. Lakini Paulo, katika sura ya tano ya Waraka kwa Warumi, anaongelea mauti iliyowafikia wanadamu. Mtakatifu Toma wa Akwino alilijibu swali la wanyama katika karne ya 13, kabla mfupa wowote wa dinosaria haujapewa jina. Alisema si sahihi kudhani kwamba dhambi ya mtu ilibadili maumbile ya wanyama, hata wale wanaokula nyama leo wawe walikula majani zamani. Na Zaburi ya 104 inawaonyesha simba wakingurumia mawindo na kumwomba Mungu chakula chao, wala mwimbaji haoni kasoro ndani yake; ni sehemu ya sifa anazompa Muumba.

Kuhusu mwili wa binadamu na chimbuko lake, Papa Pio XII aliruhusu mwaka 1950 jambo hilo lichunguzwe na wenye elimu, mradi tushike kwamba roho huumbwa na Mungu moja kwa moja. Yohane Paulo II mwaka 1996 alisema nadharia hiyo sasa ni zaidi ya dhana tupu. Hatulazimishi yeyote kuipenda. Tunasema tu kwamba anayewaambia watoto kuwa Kanisa limeilaani anawadanganya. Nchi yetu wenyewe inazo nyayo za Laetoli, karibu na Olduvai, zilizofunuliwa na kikosi cha Mary Leakey mwaka 1978: viumbe wawili au watatu waliotembea wima juu ya majivu ya volkano miaka milioni 3.6 iliyopita. Ukiona picha yake, utaona mwendo wa jamaa wanaokwenda pamoja. Hatujui kwa nini hilo limtie mtu hofu badala ya machozi.

Tukumbushe na jambo moja la nyumbani. Gesi ya Mnazi Bay, pale Msimbati, iligunduliwa mwaka 1982. Haikuonyeshwa na ndoto. Wataalamu walisoma tabaka za miamba, wakapima umri wake, wakafuatilia mabaki ya viumbe vidogo ndani ya mawe, wakatoboa. Tangu miaka ya 2000 gesi hiyo imekuwa ikiendesha mitambo ya umeme wa Mtwara. Basi mhubiri anaposimama jioni uwanjani na kutangaza kwamba elimu ya umri wa miamba ni uongo, kipaza sauti chake kinanguruma kwa umeme uliopatikana kwa elimu hiyohiyo. Hatukumbuki kusikia mhubiri aliyewahi kukizima kwa ajili ya dhamiri.

Wapo pia wa upande wa pili, wale wanaosema mifupa imemfuta Mungu. Kwao tuna maneno machache tu. Mfupa unaweza kukwambia mnyama alikula nini na alikufa lini. Kwa nini kuna kitu badala ya kutokuwepo chochote, mfupa hauulizwi, na anayeuuliza amehama somo.

Lakini kosa la mahubiri tunayoyapinga linalotuuma kuliko yote halihusu mijusi. Linahusu watu.

Uchimbaji ulianza mwaka 1909. Vita vya Majimaji vilikuwa vimezimwa mwaka 1907, na njaa iliyofuata, iliyosababishwa na majeshi kuchoma mashamba na maghala, iliua watu wengi kuliko risasi. Makadirio ya wanahistoria ni kati ya 75,000 na 300,000. Kanisa la kusini nalo lilikuwa katika majonzi hayo: Askofu Cassian Spiss na wenzake waliuawa karibu na Liwale Agosti 1905, na misheni zikachomwa. Katika nchi hiyo iliyokonda ndipo wazee wetu walipoajiriwa kuchimba na kubeba. Walifikia kama 500 katika miaka ya kilele. Mifupa ilifungwa kwa uangalifu, mingine ndani ya vizimba vya mianzi, ikatwishwa vichwani na mabegani, ikapelekwa kwa miguu hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku nne kwenda. Mizigo ilikuwa maelfu, na uzito wake wote ulizidi tani 200. Hakuna gari hata moja katika habari hiyo.

Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, fundi aliyejua kuufungua mfupa kutoka kwenye mwamba bila kuuvunja. Jina lake ni la Kiislamu, nasi Wakristo wa pwani tunaoishi mlango kwa mlango na Waislamu hatuoni haya kumheshimu. Mwaka 2007 dinosaria mmoja wa Tendaguru alipewa jina lake, Australodocus bohetii. Ilichukua karibu miaka mia moja. Dinosaria mwingine wa palepale alikuwa amekwisha kupewa jina la jenerali wa Kijerumani, von Lettow-Vorbeck, tena mapema sana.

Sasa, anaposimama mtu wa leo, mwenye viatu, na kusema mifupa ile ni ya kutengenezwa, anasema nini juu ya wale waliolala njiani usiku nne na kipande chake kichwani? Uzito ule ulikuwa wa bandia? Shingo zilizokakamaa zilikuwa za bandia? Anayeikana mifupa anawafuta mara ya pili wale ambao Berlin iliwafuta mara ya kwanza. Tunaweza kubishana kistaarabu juu ya mwaka 4004. Juu ya hili hatubishani.

Huko Arizona, kando ya barabara ya jangwani karibu na mji wa Tuba City, nyayo za dinosaria ziko wazi juu ya mwamba mwekundu. Wenyeji wa nchi hiyo, Wanavajo, ndio wanaowaongoza wageni: humwaga maji kidogo ndani ya unyayo ili uonekane vizuri, hueleza, hupokea walichojaliwa, mgeni akaendelea na safari. Hawakungoja makumbusho makubwa. Sisi tunayo barabara ya lami kutoka Mtwara kupita Mikindani na Mingoyo hadi Lindi, kilomita zaidi kidogo ya mia moja, bahari ikijitokeza kila mara upande wa kulia. Kisha njia za vumbi kuelekea Tendaguru, zinazohitaji kiangazi na dereva mvumilivu. Parokia zetu hukodi mabasi kwenda kwaya, kwenda jubilei, kwenda hija za mbali. Ni parokia ngapi zimewahi kukodi moja kwenda Tendaguru?

Anayefika huko asitegemee kukuta mjusi amesimama. Atakuta kilima, nyasi, miti, na vijiji vya jirani vyenye watu wakarimu. Lakini pale mwalimu anaweza kufungua Mwanzo sura ya kwanza mbele ya vijana, akasoma taratibu habari za maji na nchi kavu kutenganishwa, huku wamesimama juu ya ardhi iliyokuwa ufuko. Tunajua vijana watauliza maswali. Waulize. Heri swali linaloulizwa juu ya kilima mbele ya katekista kuliko lile linaloulizwa usiku kwa simu.

Kabla ya safari, kuna kazi inayoweza kuanza wiki hii katika jumuiya ndogondogo za Lindi na Mtwara. Wazee waulizwe kama babu, au babu wa babu, alibeba mifupa ya Wajerumani au alichimba na Waingereza. Majina yaandikwe katika daftari, pamoja na kijiji na dini ya kila mmoja, bila kubagua. Waliokuwa Wakristo wasomwe katika Misa za Novemba pamoja na marehemu wengine wa parokia. Kwa waliokuwa Waislamu, nakala ipelekwe kwa familia zao na kwa shehe wa mahali, kwa mkono, na mtu anayesalimia vizuri. Daftari la kwanza tumekwisha kulinunua.